Bomba la Mzee Kondo

Fundi Dadi alilichungulia lile tundu kwa muda mrefu, kisha akasema afadhali angebaki Kibiti.

Sihaba alimsikia, akaendelea kufuta mafuta kwenye boloki la injini kwa kanga kuukuu. Hakumtoa mtu Kibiti kwa pikipiki mpaka Nyamisati, akamvusha kwa boti mpaka Mbuchi, ili aje kumpa pole. Ndani ya tundu kulikuwa na kipande cha stadi, ile bolti ndefu isiyo na kichwa inayoshikisha silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kwenye boloki. Injini ile ina stadi nne. Hii moja ilikatikia ndani, chini ya uso wa chuma, hata ukucha haukupata pa kushika. Na mashine ya kukoboa mpunga isiyoshika hedi ni chuma tu, na chuma kilikwisha pata mnunuzi.

Mnunuzi alikuwa anakuja kesho yake, Ijumaa. Ndivyo walivyoamua kaka zake, Twalibu na Nassibu, wamekaa kwenye baraza lake wanakunywa chai yake. Swala ya Ijumaa ikipita mashine haijakoboa, inapakiwa kwenye boti ya chuma chakavu, na watu wagawane pesa kwa sheria ya mirathi. Twalibu alikuwa na hamu ya kununua injini ya boti kwa fungu lake. Sihaba, aliyeiendesha mashine ile tangu baba yao Mzee Kondo alipoanza kukohoa, na akaendelea nayo baada ya kumzika, hakuulizwa. Aliambiwa.

Wao walisema imekufa kwa uzee. Uongo. Mashine iliuawa, na silaha ilikuwa imeegemezwa pale pale ukutani: bomba la maji la chuma, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Mzee Kondo alikuwa akilichomeka kwenye mpini wa spana ili apate nguvu ya kukaza nati. Alikuwa mtu mwembamba, mgonjwa wa kifua, na bomba lilimfaa. Anavuta mara moja, anasema bismillahi, anawasha. Alipofariki wanawe wakaligeuza mila. Mashine ikifunguliwa na kufungwa, lazima watoto wa kiume wa Mzee Kondo watie mkono. Anavuta Twalibu, mtu aliyekata miti ya mikoko tangu ujana na mwenye mabega ya kazi hiyo. Anavuta Nassibu, asije akaonekana mnyonge mbele ya kaka yake. Wakiwepo mabinamu nao wanavuta. Nati isiyolia haijakaza, ndivyo walivyokuwa wakisema, na nati ikilia wanacheka na kupigana makofi ya mgongo. Fundi hupewa kikombe cha chai, akae pembeni atazame kazi yake ikiharibiwa.

Mara ya mwisho fundi alikuwa huyu huyu Dadi. Alikaza kwa spana ya kipimo, ile yenye mpini mrefu unaowekewa kiasi cha kukaza. Kiasi kikifika inasema tak, maana yake basi, toa mkono. Ndugu wale waliposikia tak wakasema spana ya fundi imechoka. Wakatia mkono kwa bomba. Dadi akanyamaza, akapanda boti yake akaenda zake. Hazikupita siku nyingi, stadi ikakatika kwa mlio kama wa bunduki, hedi ikanyanyuka, maji ya moto yakaruka bandani. Bi Habiba, aliyekuwa akimimina mpunga wake, akaungua mkono mmoja wote.

"Ulijua itakatika?" Sihaba alimuuliza.

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Dada, mimi mgeni hapa. Mwenye mali akitaka kuvunja cha kwake, nitamzuia mimi?"

"Mwenye mali nani?"

 Dadi aliinama kwenye begi akatafuta drili yake ya betri.

Kazi yenyewe haikuwa na haraka. Alipiga alama katikati ya kile kipande, akakitoboa polepole kwa ncha nyembamba, akafuata na nene kidogo, huku Sihaba akidondoshea mafuta. Halafu akatoa kifaa chake cha kutolea bolti, kijiti cha chuma kigumu chenye meno yaliyopindia kushoto. Ukikigonga ndani ya tundu na kukizungusha kinyume, kinang'ata, na kipande kinatoka nacho. Lakini kikikatikia humo ndani, hakuna drili itakayokitoboa, na boloki limekwisha. Dadi alimweleza hayo mapema, ili lawama zisije zikamwangukia yeye peke yake.

Alizungusha. Kijiti kikaanza kupinda bila kipande kutikisika. Dadi akaachia upesi, jasho limemjaa shingoni. Alisema chumvi imeshaviunganisha vyuma vile vikawa kitu kimoja, na yeye hataki kuwa mtu aliyeua mashine ya marehemu. Akaanza kukusanya vifaa.

Sihaba alikwenda akakaa juu ya begi lake.

Hakupiga kelele. Alimwambia boti ya kurudi Nyamisati imeshaondoka, ya kesho bado, kwa hiyo amwambie tu kinachotakiwa. Dadi alimtazama mama mtu mzima aliyekalia spana zake, akaona hapa hatoki. Akasema kinatakiwa moto na mshumaa: chuma cha nje kipashwe kitanuke, nta iyeyuke iingie kwenye nyuzi za stadi. Mshumaa haukuwepo, siku hizi kila nyumba ina taa ya sola. Nta ilikuwepo, ya nyuki wa mikoko, imebaki kwenye sufuria ya asali. Sihaba aliileta pamoja na jiko lake la gesi.

Walipasha, wakagusisha nta. Ikanywewa kama maji kwenye mchanga. Wakapasha tena, wakaacha ipoe, wakarudia. Harufu ya asali ikajaa banda. Dadi alipozungusha tena hakulazimisha. Alikipeleka kijiti kidogo kushoto, akakirudisha kidogo kulia, kama mtu anayembembeleza mtoto atoe kitu kilichomo kwenye ngumi. Pakasikika kakelele kadogo. Sihaba alidhani kijiti kimekatika. Ilikuwa nyuzi zimeachia. Kipande kikatoka kizima, cheusi, kifupi kama kidole gumba, na Sihaba akakitia kwenye pindo la kanga yake.

Asubuhi walitia stadi mpya aliyokuja nayo Dadi, wakaweka gasketi mpya ya kuzibia, wakarudisha hedi. Sihaba alitaka kukaza mwenyewe. Dadi akamwonyesha: kwa mkingamo, nati hii kisha ya upande wa pili, kwa awamu, si kumaliza moja na kuhamia nyingine. Mkono wake ukiwa kwenye mpini, Sihaba aliisikia ile tak ikipita mpaka begani. Alitoa mkono pale pale. Nne zote.

Lilibaki bomba la moshi, la zamani limeliwa na kutu mpaka linaonyesha upande wa pili. Sihaba akatazama ukutani. Bomba la Mzee Kondo lilikuwa na nyuzi ncha moja, kama bomba lolote la maji. Dadi alipolijaribisha kwenye mdomo wa moshi lilikubali. Akalikaza, huku anacheka kichinichini kwa mara ya kwanza tangu aje.

Ndugu walifika baada ya swala, kanzu zao bado safi, mnunuzi wa chuma nyuma yao na mizani begani. Twalibu aliizunguka mashine, akakubali kwa kichwa, akasema haya, watie mkono kwanza ndipo iwashwe. Akaulizia bomba la baba. Sihaba akamwonyesha kwa kidevu.

"Fundi, lifungue," Twalibu alisema.

Dadi alikuwa ameshika spana yake kifuani. "Hapana, bwana. Mimi nimeshafunga."

Twalibu akamgeukia dada yake. Alisema anamtukana baba yao kaburini, na watu wakasikia, maana wanawake wenye mpunga walikwisha anza kusogea.

"Baba alitia mkono mmoja," Sihaba alisema. "Nyinyi mmetia yote, na aliyeungua ni Bi Habiba. Mkono mwingine hauingii humu nikiwa hai."

"Wewe sehemu yako hapa ni nusu ya yangu."

"Ndiyo. Na nusu yenyewe ndiyo hii nimesimama. Beba ya kwako, kaka, uone kama itatoka bila kunipitia mimi."

Nassibu alitazama viatu vyake. Twalibu hakutazama kitu. Alikunja mikono ya kanzu, akalishika bomba kwa viganja viwili aling'oe. Sihaba akachukua hendeli ya kuwashia injini, akazungusha kwa nguvu zake zote, mara ya kwanza ikakohoa, mara ya pili ikashika. Moshi ukatoka kwenye bomba la Mzee Kondo, mweusi, kisha mweupe, kisha hauonekani.

Twalibu hakuachia. Alisimama amelishika, taya zimekaza, kama anayeshindana na mtu. Bomba likapata vuguvugu. Likapata moto. Watu wote bandani walikuwa wanatazama mikono yake, na injini ikazidi kuchanganya kasi. Mwisho akaachia, akaificha mikono nyuma ya kanzu.

Akaenda kukaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema atasubiri hedi ivuje. Kila mtu aliruhusiwa kusubiri. Bi Habiba alimimina wa kwanza, kwa mkono mzima, ule wa bandeji ukiwa umening'inia shingoni. Baada yake akaja Mwanahawa, mke wa Twalibu, na gunia la mpunga kichwani. Alimpita mumewe kama anayepita kisiki, akalitua kwenye foleni.

Mnunuzi akauliza sasa yeye anabeba nini. Sihaba akamsukumia kwa mguu lile bomba la moshi lililooza, akafungua pindo la kanga, akaweka kile kipande cha stadi juu yake.

"Pima hicho," akamwambia, akarudi kwenye mashine yake.