Kichwa na Nyonga

...na si kwamba hakuyajua, aliyajua kuliko yeyote aliyekaa kwenye benchi lile nje ya chumba cha kujifungulia, aliyaandika mwenyewe katika kitabu chake cha kuwaeleza watu wa kawaida binadamu alikotoka, kwamba wahenga wetu waliposimama wakatembea kwa miguu miwili nyonga zilibana, kisha, vizazi kwa vizazi, kichwa kikakua, ndiyo maana mwanamke hujifungua kwa taabu, gharama ndogo ya akili kubwa, ndivyo alivyoandika, gharama ndogo, akaridhika na sentensi yake akaenda kuteleka chai... na sasa nyuma ya mlango huu binti yake, mwanawe wa pekee, analia kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia, ndogo kitu gani, ndogo kwa nani... “Mkwe, umetia chochote tumboni?” anauliza mama wa mume wa binti, fundi cherehani, mdomo wake haupoi kama mashine yake, ameshasema habari za vitenge, za mvua, za jirani aliyeharibu gauni, na kile kitabu alichopewa alikirudisha bila kukimaliza, “Mkwe, mie kwetu hatukutoka kwa nyani, labda ninyi,” naye akamweleza kwamba nyani si babu, ni binamu wa mbali, tuna babu mmoja wa kale, fundi akacheka, “Binamu wa upande wenu basi!”... kelele tena, ndefu, Mungu wangu, mtoto huyu alikuwa akichomwa na mwiba halii... mlango unafunguka, mkunga anatoa kichwa, “Mama yake?” “Mimi!” “Bado. Kichwa ni kikubwa, ila anageuka. Tuvute subira,” mlango unafungwa... anageuka, ndiyo, mtoto wa nyani aghalabu hutoka uso ukimwelekea mama, mama akainama akampokea mwenyewe, lakini wetu njia yake imepinda, hujizungusha, akatoka akiwa amempa mama kisogo, mama hamwoni vizuri, akimvuta kwa papara atamuumiza, kwa hiyo lazima... lazima awepo mtu, amechuchumaa, mikono wazi, dada, shangazi, mama mkwe, kabla ya kilimo, huenda kabla hata ya maneno, na katika kitabu chote alichora mafuvu, alichora mawe yaliyochongwa, alichora mwanamume na mkuki wake, mtu huyu wa kuchuchumaa hakumchora, kwa sababu mikono iliyopokea haikuacha alama kwenye mwamba, naye akaona kisicho na mfupa hakipo, msomi mzima... na huyo mtu alifanya nini wakati wa kungoja, mawe hayasemi, ila hakukaa kimya, hapana, nani angestahimili... mbona kumekuwa kimya? Anageuka. Fundi cherehani amenyamaza, anautazama mlango, vidole vinakunja na kukunjua pindo la kanga, kumbe na yeye, kumbe maneno yote yale yalikuwa hofu, na mimi nilikuwa namwona mzigo... anasogea mpaka mabega yanagusana, bega la mwenzake lina joto. “Mkwe,” anasema, “huyu baba wa mjukuu wetu, ulimzaaje?” Fundi anamgeukia. “Huyo? Huyo alinitesa, mkwe wangu, we acha tu. Dada yangu ndiye aliyenishika huku nyuma, nikamng’ata mkono...” Ndani binti analia tena, mlango umefungwa vilevile, na yeye anauchukua mkono wa fundi, anaubana. “Ehe,” anasema, “akafanyaje dada yako?”