Walii Kutoka Guangzhou

Kwa jina la Mola aufuatishaye usiku na mchana, asiyekosea hesabu ya nukta moja, twaanza. Na rehema zimshukie Mtume na aali zake.

Wenye kisa ni hawa. Wa kwanza ni Lugano, mwalimu wa jiografia, mkazi wa mtaa wa Bagamoyo hapa Tukuyu, aliyekuwa aolewe Ijumaa baada ya sala. Wa pili ni kaka yake Gwakisa, aliye masomoni Guangzhou, nchini China. Baba yao alipokuwa akikata roho, aliuweka mkono wa binti katika mkono wa kijana, akasema, "Wewe ndiwe utakayemwoza." Wa tatu ni Lusungu, baba yao mdogo, mtu mwema ila mgumu kubadili neno. Na wa nne ni Tusajigwe, shangazi yao, asiyekosa la kusema.

Alhamisi asubuhi uliingia ujumbe wa Gwakisa: "Ndege inaruka leo saa moja jioni. Hadi Dar es Salaam ni saa kumi na sita, pamoja na kusubiri Addis Ababa."

Lusungu akahesabu kwa vidole. "Saa moja jioni, ongeza kumi na sita: kesho saa tano asubuhi. Na ndege ya kumleta hadi uwanja wa Songwe inaondoka Dar saa tatu. Keshachelewa! Namwambia dereva asiende kumpokea. Walii baada yake ni mimi, nitakuoza mimi."

Lugano akachukua parachichi kapuni, akawasha tochi ya simu.

"Baba mdogo, tochi ndiyo jua, na hili ndilo dunia. Guangzhou iko huku mashariki, jua huwafikia kwanza. Wenzetu wametutangulia kwa saa tano. Saa moja yao ya jioni, sisi ni saa nane mchana. Kaka atatua Dar saa kumi na mbili alfajiri."

Shangazi akaangua kicheko. "Dunia ya mwalimu ina kikonyo!"

"Kilomita karibu elfu kumi, unazipima kwa parachichi?" akasema Lusungu. "Haya. Sala ikiisha naye hayupo, utanitii."

"Nitakutii, baba. Na akiwapo?"

"Nitalila hilo na ganda lake."

Lugano akamwendea jirani yao Emmanuel, mkulima wa chai mwenye pikapu, akamwomba akampokee kaka. "Jiografia niliifeli, dada," akajibu, "lakini njia ya Songwe naijua."

Ijumaa ukungu uliishukia Tukuyu. Simu ya Gwakisa haikupatikana, wala ya Emmanuel. Lugano, hina mikononi, aliketi ndani akisikiliza spika ya msikiti. Hotuba ikaisha. Sala ikaisha. Kikasikika kikohozi, na kikohozi kile alikijua: cha Lusungu. Akainamisha kichwa, tayari kutii.

Ndipo ikaja sauti nyingine, imekauka kwa safari: "Nimekuoza dada yangu, Lugano..."

Dada yangu! Shangazi Tusajigwe ndiye aliyetangulia kupiga vigelegele, akasahau kikonyo.

Wakaingia Lusungu na Gwakisa, Gwakisa akinukia majani mabichi ya chai ya pikapu ya Emmanuel. Lusungu akanyoosha mkono. "Liko wapi?" Akaling'ata na ganda, akakunja uso, akameza. "Ndaga fijo, mwalimu," akashukuru. "Dunia yako chungu, lakini ya kweli."

Jua la alasiri lilipopenya ukungu, Lugano akatoka na mumewe. Gwakisa akainua mikono mlangoni: "Ewe Mola, umenifikisha, naye umemwozesha. Wabakiao katika nyumba hii wape umri, afya na mapenzi, wala usiwaondolee kicheko chao. Amina."