Jumatatu ya Kumwagia Maji

Jumatatu ya Pasaka, mjini Szeged, wanaume huwamwagia wanawake maji ili wasinyauke kama maua. Mzee Ambrus, mtunza kitalu nyumba cha chuo, aliipenda desturi hiyo kupita kiasi. Zselyke, mwanafunzi wa utafiti, alipofika kukagua miche yake ya pilipili, alimkuta mzee kavaa suti, ndoo mkononi, uso umemkunjuka kwa tabasamu.

"Mzee Ambrus, usiniambie umeimwagia!"

"Hawa wa pembeni tu, binti, sasa hivi. Wamelala chali, roho ikaniuma. Kwani wao si wasichana?"

Zselyke nusura azimie. Miche ile ilikuwa na siku kumi na tatu bila tone la maji, na shahada yake yote ya uzamivu ilitegemea hiyo kiu. Miaka mitatu alikuwa akidai kwamba ipo protini moja ambayo, homoni ya kiu ikifika, huziamsha jeni za kujikinga, majani yakafunga vitundu vyake maji yasipotee. Trei zilikuwa tatu: ya miche ya kawaida, ya miche ambayo protini hiyo haizimi kamwe, na hii ya pembeni, ambayo miche yake haikuwa nayo kabisa.

Alimtazama mzee kwa hasira, kisha akili ikamrudia. Kesho ndiyo ilikuwa siku ya kumwagilia, ionekane ipi itainuka.

"Basi tumwagie yote leo leo, ilingane! Lete ndoo, mzee wangu, fanya haraka!"

Wakamwagia, wakaketi kusubiri huku wakila mayai ya Pasaka aliyoleta mzee. Miche ya kawaida ikaanza kuinua majani. Miche ambayo protini yake haizimi kamwe haikuwa imelegea hata kidogo, ila ilikuwa mifupi, ya kuchekesha.

"Hii inaogopa ukame tangu izaliwe," Zselyke alisema. "Itakua saa ngapi?"

"Shemeji yangu huyo, woga mtupu!" mzee alicheka.

Walibaki wale wa pembeni. Mzee aliwaombea wainuke. Zselyke aliomba wabaki chini, maana wakiinuka, miaka mitatu imepotea bure.

Mpaka saa kumi jioni haukuinuka hata mmoja. Zselyke aliruka, akapiga vigelegele, akamkumbatia mzee. Mzee alikuwa amevua kofia.

"Hiyo homoni yako ya kiu haikuwafikia?" aliuliza.

"Iliwafikia, tena tele. Hapakuwa na wa kuipokea. Vitundu vya majani vikabaki wazi mpaka mwisho."

"Kumbe wamekufa hawajui hata kama wana kiu."

Zselyke alichukua daftari aandike: sifuri kati ya ishirini. Miaka yote hiyo aliwaita trei namba tatu. Aliandika polepole, machozi yakimtoka, wala hakuona haya.