Jeraha la Balang

Jumapili moja kabla ya adhuhuri, Zulbahri aliingiza pikipiki yake katika ua wa Yusniar bila hodi wala salamu. Mbwa wake Balang alikuwa amelazwa juu ya tangi la mafuta, amezongwa shuka, na shuka lenyewe lilikuwa linachuruzika damu. Yusniar alikuwa barazani akikwangua magome ya mdalasini. Alimtazama mara moja tu, akaendelea na kazi yake.

"Uni," Zulbahri akaita. Uni ni dada mkubwa, na kwa miaka mitatu neno hilo halikuwahi kumtoka kwa ajili ya mwanamke huyu.

"Umepotea njia? Nyumba ya mkeo ni ile kule."

"Nguruwe kampasua Balang. Bwana mifugo yuko mjini, simu yake haipatikani. Nisaidie."

"Kumbang wangu alipokuwa anatoka povu hapo hapo uliposimama, nani alinisaidia?"

Kijiji kizima kilijua kisa hicho. Zulbahri alitega mihogo yenye sumu pembeni mwa shamba la mkewe, akisema ni kwa ajili ya nguruwe, na mbwa wa Yusniar akala akafa. Hakwenda kumpa pole. Tena alitangaza msikitini kwamba mbwa mwizi hufa kifo cha mwizi.

Lakini hakukuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Marehemu mume wa Yusniar alikuwa mwindaji, na Yusniar ndiye aliyekuwa akishona mbwa wake kila wanaporudi mlimani wamechanwa. Mume alipofariki, wawindaji wengine waliendelea kumletea mbwa wao. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mbwa aliowashona walirudi kukimbia.

Aliinuka, si kwa ajili ya Zulbahri. Alimfunua Balang mdomo, akabonyeza ufizi kwa kidole. Ulikuwa mweupe, na rangi ilichelewa kurudi.

"Mlete kwenye turubai. Kichwa kiwe upande wako. Na ufunge domo lako pia, si la mbwa peke yake."

Alifunga mdomo wa mbwa kwa kitambaa, akavaa glavu, akanyoa manyoya kuzunguka jeraha. Lilianzia begani likashuka mpaka ubavuni, refu kama kiganja na vidole vyake. Akachota maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, akayapiga ndani kwa bomba la sindano mara nyingi, mpaka majani na udongo vikatoka na maji yakaanza kurudi meupe. Kisha akadunga dawa ya ganzi kuzunguka kingo, akasubiri ishike.

Hapo ndipo alipoinama karibu zaidi.

Jino la nguruwe huchana. Huacha kingo zenye nyuzinyuzi, na chini ya ngozi huacha mfuko unaoweza kuingia ngumi. Jeraha hili halikuwa na mfuko. Kingo zake zilikuwa zimenyooka kama kitambaa kilichokatwa na fundi.

"Nguruwe huyu," Yusniar akasema polepole, "alikuwa na panga?"

Zulbahri akaibana zaidi shingo ya mbwa. "Shona."

"Nakuuliza."

"Nimesema shona! Na ukithubutu kupeleka maneno nje, utanijua mimi ni nani."

"Nakujua. Wewe ni mume wa kuhamia, unayelala kwenye nyumba ya mama mkwe. Mshike vizuri."

Alishona kwa uzi wa nailoni uliolowekwa kwenye spiriti, mshono mmoja mmoja, na chini kabisa akaacha tundu dogo ili uchafu upate pa kutokea. Sindano ilipokuwa katikati, lilimjia wazo ambalo baadaye aliliombea msamaha. Aliwaza kwamba akifunga jeraha lote pamoja na tope moja tu ndani, wiki haitakwisha, na Zulbahri ataonja alichoonja yeye. Mkono ulisita. Kisha Balang akatoa mlio mwembamba puani, na Yusniar akaendelea na mshono uliofuata.

Alipomaliza alisema, "Atabaki hapa."

"Mbwa ni wangu."

"Ukimpeleka kwako utamwacha alambe, utamfunga kwenye matope, atakufa. Atabaki hapa mpaka nyuzi zitoke. Sasa toka uani kwangu."

Zulbahri alitoka akitukana mpaka kona ya barabara.

Kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi akasimama nje ya ua. Yusniar hakumfungulia. Zulbahri aliweka mayai na asali juu ya ukuta, akaita jina la mbwa wake, akaondoka. Yusniar alimpa Balang mayai hayo pamoja na wali na vidonge. Shingoni alimvika ndoo iliyokatwa kitako ili asifikie jeraha, na asubuhi na jioni alimwosha kwa maji ya majani ya tambuu. Kule kwenye kibanda cha kahawa, Zulbahri alikuwa akisimulia kwamba mwanamke yule amemwiba mbwa.

Siku ya nne bega likavimba. Likawa la moto, na harufu ikabadilika. Yusniar alikata nyuzi mbili za chini, akakamua. Usaha ukatoka, na ndani yake kipande cha jani kilichompita siku ya kwanza. Balang alichomoka kwenye kitambaa akamng'ata kidole gumba. Damu yake na ya mbwa zikachanganyika kwenye turubai.

"Unamuua!" Zulbahri alikuwa amepanda juu ya ukuta. "Unamuua kwa makusudi! Unalipiza!"

"Ningetaka kulipiza ungemzika Jumatatu!" Yusniar alifoka, akinyonya kidole. "Shuka kwenye ukuta wangu kabla sijakumwagia maji haya ya usaha!"

Alishuka. Lakini hakwenda mbali. Alisikika akilia upande wa pili, kilio cha mtu mzima anayejiziba mdomo. Yusniar alisikia, na moyo wake haukulainika hata kidogo. Alisafisha jeraha, akaliacha wazi upande wa chini, akanawa kidole chake kwa sabuni mpaka kikawaka moto.

Siku ya kumi na mbili Zulbahri alikuja na Datuk Rajo, mkuu wa wawindaji, mzee mfupi ambaye sauti yake husikika kuvuka bonde. "Yusniar," Datuk akasema, "huyu analalamika umemshikia mbwa wake."

"Ingia, Datuk. Nilikuwa natoa nyuzi leo leo. Tazama kwa macho yako."

Alivua ndoo, akakata nyuzi moja baada ya nyingine. Ngozi ilikuwa imeshikana, nyekundu, kavu. Datuk alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya kovu kutoka juu mpaka chini. Akapitisha tena. Alikuwa ameona majeraha ya nguruwe kwa miaka arobaini.

"Zul," akasema bila kuinua kichwa. "Nani alimpiga mbwa huyu panga?"

Zulbahri alitazama pikipiki yake kana kwamba itamjibia. "Alikuwa amemkamata nguruwe sikio. Nikapiga. Nguruwe akageuka."

"Tulikubaliana nini? Mbwa wakishakamata, hakuna panga. Ni mkuki, na ni mtu mmoja. Na wewe ukatudanganya sote." Datuk akasimama, magoti yakalia. "Hutapanda mlimani nasi mpaka mvua ziishe."

"Na sumu?" Yusniar akauliza.

"Yusniar, hayo yamepita."

"Hayajapita. Namuuliza yeye."

Zulbahri akainua macho, na hakukuwa na toba ndani yake, ila uchovu na chuki. "Nilijua Kumbang hupita pale kila alfajiri. Nilijua. Mbwa wako alikuwa anasifiwa kuliko wangu kila Jumapili. Haya, umesikia. Umeridhika?"

Miaka mitatu Yusniar alikuwa akiamini kwamba ni uzembe. Akashika nguzo ya baraza.

Balang, aliyekuwa amefunguliwa, alichechemea akapita katikati yao, akaenda moja kwa moja kwa Zulbahri na kumlamba mkono, mkia ukipiga huku na huku. Yusniar aliona hilo, na likamuuma kuliko maneno.

"Peaneni mikono basi," Datuk akasema kwa upole.

"Nilitibu mbwa," Yusniar akajibu. "Vidonge siku tatu zaidi. Asioge, asikimbie mwezi mzima. Akiumia tena, mpeleke mjini kwa miguu yako."

Baada ya mvua Balang alirudi kuwinda, akiburura kidogo mguu wa mbele. Zulbahri na Yusniar hupishana barabarani karibu kila siku, na hakuna anayemsalimu mwenzake.