Maji Yaliyokataa Kutakata

Jumanne, tarehe 12 Aprili 1983. Mvua ya masika ilikatika alfajiri, na asubuhi ile fukuto lilipanda kutoka ardhini kama mvuke wa sufuria.

Severa aliingia kwenye ua wa ushirika wao, pale Mchafukoge, akasimama. Kimya. Kunguru waliozoea kugombana ukutani hawakuwapo hata mmoja. Kulizunguka pipa la kuoshea, nzi walikuwa wamelala chali, wametapakaa kama mbegu za papai.

Kazi yao ilikuwa kusaga madumu makuukuu ya plastiki yawe chenga, kuziosha chenga kwa majivu, kisha kuziyeyusha ziwe vyombo. Chenga za leo, za buluu, zilitokana na madumu yaliyoletwa na lori la bara. Dereva alisema yalikuwa ya mafuta ya kula. Zilitakiwa ziwe vikombe vya watoto wa chekechea ya mtaani, ambako mjukuu wa Severa naye alinywea uji kwenye kopo lenye kutu.

Akamimina maji pipani, juu ya chenga. Yakageuka meupe kama tui. Akayamwaga, akamimina mengine. Meupe. Akasugua kwa majivu mpaka vidole vikaingia ganzi. Yakatoka meupe vilevile, bila povu, bila harufu.

“Hyasinta, njoo uone.”

Mwenzake akachungulia. “Dada, leo unatupikia wali wa nazi?” Kisha akawaona nzi, akarudi nyuma. “Yesu na Maria!”

Severa akafumba macho. Bwana, nionyeshe. Alipoyafumbua, weupe ule ulikuwa ukizunguka taratibu ndani ya pipa, na hakuna aliyeugusa.

Mzee Bakili, mwenyekiti, akatoka ndani akipiga makofi. “Akina mama, mashine imeshapata moto! Mwalimu wa chekechea anasubiri vikombe.”

“Shikamoo, mzee. Hizi hazijatakata.”

“Marahaba. Zinanuka?”

“Hazinuki.”

“Basi! Wewe Severa, hata maji ya baraka ungeyaosha.”

Waoshaji wengine wakacheka, wakasogea. Desturi yao ilikuwa hii: chenga haziingii kwenye mashine kabla mwenyekiti hajaweka kipande kimoja ulimini mbele yao. Kikikosa ladha, zimetakata. Severa akachota kipande cha buluu, akamnyooshea.

“Kitie mdomoni, mzee, nami nitazibeba mwenyewe mpaka mashineni. Ila kwanza tazama mkono unaokupa.”

Bakili akatazama. Vidole vya Severa vilikuwa vikichezacheza, kila kimoja kivyake, kama si vyake. Mzee hakukipokea kile kipande.

“Vidole hivi niliviona kwa wakulima huko bara. Hii ni dawa ya kunyunyizia pamba,” akasema polepole. “Yule dereva katudanganya. Hyasinta, mpeleke mwenzio bombani, upesi!”

Severa hakusogea. “Na kesho, mzee, mwalimu akija kukulilia?”

Bakili akavua kofia, akawageukia wote.

“Wallahi, nyinyi ni mashahidi. Maadamu nina uhai, chenga hizi hazitakuwa chombo cha mwana wa mtu.”