Lori Lenye Matawi

Lori la majani chai liliharibikia kwenye kona ya juu ya kituo cha kununulia chai, jioni, mvua ikinyesha. Dereva wake, Onchiri, alivuka barabara akaja kwa Edinah kuomba panga. Edinah alikuwa anakamua. Alimwonyesha kwa kidevu, iko pale ukutani. Onchiri akakata matawi kwenye ua wa kaliandra, ule mti ambao watu wa huko Litein hupanda ili kulisha ng'ombe. Akayapanga kwenye lami nyuma ya lori, moja hapa, lingine nyuma kidogo, lingine nyuma zaidi, ili anayekuja ajue mbele kuna gari limekufa. Ndivyo inavyofanywa. Akarudisha panga, akashukuru, akaenda kutafuta ekseli. Hakurudi.

Lori likakaa. Halikuwa na taa nyuma, na nusu yake ilikuwa barabarani.

Barabara hiyo ya kutoka Kericho kwenda Sotik ina tabia moja. Gari likitengenezwa linaondoka, lakini matawi hakuna wa kuyaondoa. Yanabaki hapo yanakanyagwa mpaka yaishe. Kwa hiyo ukikutana na matawi, mara nyingi mbele hakuna kitu. Watu walishazoea. Hakuna mtu anapunguza mwendo kwa sababu ya matawi.

Baada ya wiki mbili matawi yakaanza kuongezeka yenyewe. Safu iliteremka kutoka kwenye kona, ikapita kituo cha chai, ikafika langoni kwa Edinah. Yalikuwa mabichi, yana umande, na pale yalipokatwa palikuwa peupe. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na moja katikati ya boma. Iliyofuata, moja mlangoni. Yalipangwa kwa nafasi sawa, vile Onchiri alivyopanga. Edinah aliyaokota akampa ng'ombe. Ng'ombe akaongeza maziwa.

Kisha yakaingia sebuleni.

Sebuleni ndimo ilimolala pikipiki ya mwanawe, Kipkosgei. Kipkosgei alikuwa fundi wa kupanda milingoti ya simu, na kila alipopata likizo alisafiri. Pikipiki yake haikuwa hizi za bodaboda. Ilikuwa kubwa kama ndama wa mwaka mzima, ina masanduku ya alumini huku na huku, na kwenye masanduku alikuwa amebandika stika za mipaka yote aliyovuka. Ilikaa kati ya kochi na meza ya televisheni, na wageni waliizunguka. Mwezi huo alikuwa anaitayarisha kwenda mpaka Cape Town. Wenzake wawili wangemngoja Bomet.

Tawi la mwisho lilikuwa limelala mbele ya gurudumu.

"Mathe," Kipkosgei aliita, "hii pikipiki siku hizi inakula majani?"

"Si mimi nimeweka. Yanatoka kwa lori."

"Lori gani?"

"Ile ya kona. Kipkosgei, hiyo kitu inakuita."

Alilichukua tawi, akaligeuza, akaliweka juu ya kochi. "Mathe, mimi nimepita Chalbi. Mchanga peke yake, barabara hata hakuna. Nimelala na ngamia. Sasa kona ya hapa kwetu, kona nimejulia baiskeli, ndiyo itanishinda?"

"Chalbi haikuwa na lori ya chai."

"Hiyo nayo ni ukweli," alisema, akacheka, akaendelea kukaza mnyororo.

Edinah alivaa sweta ya kanisa akaenda kiwandani, kwa wenye lori. Msimamizi wa magari aliitwa Gichana. Alimkaribisha vizuri, akampa kiti.

"Lori yenu itaua mtu," Edinah alisema.

"Iko na matawi, mama?"

"Iko nayo. Yamejaa mpaka kwangu sebuleni."

"Basi, si hiyo ni mzuri? Wengine hata hawaweki."

Alienda kituo cha polisi. Askari alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia matawi yakiwa mengi hivyo, hakuna dereva atasema hakuonywa.

Alirudi nyumbani akamwomba mwanawe jambo moja tu. Siku ya safari asiwashe. Aisukume pikipiki kwa mkono mpaka apite lori, halafu aende na Mungu.

"Nisukume mbele ya watu wa kituo cha chai? Kama ng'ombe amevunjika mguu?"

"Ndiyo."

"Mathe. Nitapita polepole. Nimekuambia, polepole."

Edinah akachukua birika. Mtoto akishakuwa na ndevu unamwambia mara moja, mara mbili, halafu unabaki kumwekea chai.

Siku ya safari ilikuwa na ukungu. Mchungaji Noah alikuja kuombea pikipiki. Matawi usiku huo yalikuwa yamejaza sebule mpaka magotini, na mchungaji aliinua suruali kidogo, akayaruka, akaweka mkono juu ya tangi. Aliomba kwa ajili ya matairi, breki na wanyama wa porini. Kina mama waliimba. Kipkosgei alivaa koti lake lenye pedi mabegani, akavaa helmeti, akamkumbatia Edinah ikiwa kichwani, kwa hiyo Edinah hakuhisi shavu lake. Wakaitoa pikipiki nje, magurudumu yakiponda matawi.

Alianza polepole, kama alivyosema. Lakini kituo cha chai kilikuwa kimejaa. Watu walikuwa wamepanga foleni na vikapu vyao wakingoja kupima majani, na walipomwona wakatoa simu. Mtu wa kwenu anaenda Cape Town, lazima umrekodi.

"Vuta, Kosgei! Vuta tuskie!"

"Ama ni ya kupeleka maziwa?" mwingine akasema, na foleni yote ikacheka.

Mtu hawezi kupita polepole mbele ya simu zote hizo. Kipkosgei akavuta. Edinah alikuwa ndani anakusanya vikombe. Alisikia sauti ikipanda, ikabadilisha gia, ikapanda tena, ikakatika. Aliosha kikombe alichokuwa ameshika, akakipindua juu ya kitambaa, ndipo akatoka.

Kwa mazishi walikuja waendeshaji kutoka Nairobi, Eldoret, hata Arusha. Pikipiki zao zilipangwa kando ya shamba la chai. Walilipita lori mmoja mmoja, polepole, wakilipiga picha. Gichana alikuja na salamu za kiwanda. Alisema kiwanda kimeguswa sana, na kwamba hatua imechukuliwa.

"Tumeongeza matawi," alisema.

Watu waliitikia. Mtu mmoja alipiga makofi, akaacha.

Tangu siku hiyo sebule ya Edinah ikawa safi. Hakuna tawi lililoingia tena. Ua wake wa kaliandra ulikuwa umebaki vijiti, ng'ombe akalia usiku na mchana, maziwa yakapungua.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja Edinah alitoka na ndoo akaona safu imevuka barabara. Ilipita kando ya mtaro, ikaingia kwa Molly, mke wa Gordon. Gordon alikuwa fundi wa mitambo huko kiwandani, mtu wa kutoka upande wa ziwa, na kila jioni alienda shifti kwa pikipiki yake ndogo kupitia kona ileile. Molly alikuwa anafagia mlangoni.

"Molly, hayo yamefika lini?"

"Mama Kosgei, umeamka? Yalianza Jumapili. Sijui ni upepo."

"Mwambie baba watoto asipite pale kona. Azunguke na ile barabara ya juu, hata kama ni mbali."

Molly alisimamisha ufagio. Alimwangalia Edinah kwa huruma, jinsi mtu anavyomwangalia mama aliyefiwa.

"Pole, mama. Lakini si siku hizi iko na matawi mengi?"

Molly akakusanya yaliyokuwa kizingitini, akayafunga kwa kamba ya katani.

"Sisi hatuna ng'ombe," alisema. "Kwangu yataoza tu. Chukua, umpelekee wako."

Edinah aliangalia kona, akaangalia mzigo. Yalikuwa mabichi kabisa. Akainama, Molly akamtwisha, akavuka barabara kurudi kwake, kwa sababu ng'ombe alikuwa bado hajala.