Isipolia, Usimeze

Kalenda kwenye ukuta wa wodi ya wanaume, hospitalini Bungoma, ilisema ni Mei 29, 2007. Simu ya Papa, baba yangu, niliyokuwa nimeishika mkononi, ilisema ni Januari 6, 2005. Saa zilikubaliana. Ile ya ukutani na ile ya simu zote zilionyesha saa nane na dakika ishirini mchana, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu, kwa sababu nilielewa papo hapo ni kwa nini hakuna mtu nyumbani aliyeona kasoro yoyote.

Papa alilala chali. Upande wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi na mdomo umepinda. Alipotambua ni mimi alijikakamua, akazungumza kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki.

"Haikulia, mama," alisema. Kwetu baba humwita binti yake mama. "Sikumeza. Haikulia."

Alisema kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu daftari lisilo na kosa. Nilimshika mkono ule mzima, nikamwambia amefanya vizuri.

Miaka hiyo nilikuwa Kitale, mhudumu katika saiba, duka la intaneti, la Naim, kijana wa Bungoma aliyekulia karibu na msikiti kisha akaja kufungua biashara yake juu ya duka la mbegu. Asubuhi niliwafungulia watu barua pepe. Alasiri, wateja wakipungua, Naim aliniachia kompyuta ya pembeni nikaandika programu ndogo ndogo za Java. Nusu nilijifunza chuoni, nusu kwenye mtandao huo huo. Nilianza na tovuti ya shule moja, nikaiwekea saa yenye mishale inayotembea, kazi isiyomfaa mtu yeyote, na nikajivunia wiki nzima. Kisha nikahamia kwenye simu. Simu za wakati ule zilikuwa na nafasi finyu. Programu nzima ilibidi ijibane mahali ambapo leo picha moja haitoshei. Mimi nilipenda ile dhiki. Kila neno la ziada nililifuta. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona mjanja sana.

Papa, Mzee Wabwile kwa wengine, alikuwa mtumishi wa shule ya msingi pale kijijini kwetu, Bokoli, kwa miaka ishirini na saba, na kazi yake kubwa ilikuwa kugonga kengele. Ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa mnyororo. Walimu wakuu walikuja wakaenda, yeye akabaki na nyundo yake. Alipenda kusema kwamba kengele haibishaniwi. Hata mkaguzi wa elimu akiwa katikati ya sentensi, kengele ikilia, sentensi imekwisha.

Alipostaafu, presha ilimpata, halafu kiharusi kidogo kilichomwacha akitembea vizuri lakini akisahau mambo ya karibu. Majina ya watoto wa darasa la saba la mwaka wa 1981 aliyakumbuka yote. Kwamba amekunywa chai sasa hivi, hapana. Februari mwaka ule wa 2007 alimeza dawa yake ya presha asubuhi, akasahau, akameza tena, akaanguka zizini katikati ya miguu ya ng'ombe. Ng'ombe, namshukuru mpaka leo, hakumkanyaga.

Mayi, ndivyo tunavyomwita mama, hakusoma, lakini si mtu wa kukwama. Alihesabu maharagwe thelathini akayatia kwenye mkebe wa majani ya chai. Kila asubuhi alimpa Papa kidonge, akamtazama akimeza, kisha akahamisha haragwe moja hadi kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Papa akisema hajameza, alionyeshwa kikombe. Hiyo ndiyo iliyokuwa mashine yao, na ilifanya kazi.

Nilipokuja nyumbani nikaona yale maharagwe, nilicheka. Sikucheka kwa ubaya, lakini nilicheka.

Programu niliiandika kwa wiki mbili. Kila siku saa moja asubuhi simu ingelia, na kwenye kioo yangetokea maneno: *Papa, dawa. Umemeza?* Chini yake majibu mawili, *Ndio* na *Bado*. Ukijibu Ndio, inaandika tarehe na kujipangia kulia siku inayofuata. Ukijibu Bado, inalia tena baada ya dakika kumi, na tena, na haichoki. Niliijaribu kwenye simu ya bandia iliyochorwa ndani ya kompyuta, kisha kwenye simu ya Naim, kisha kwenye simu niliyomnunulia Papa. Haikukosea hata mara moja. Jumapili moja ya Machi nikaipeleka Bokoli.

Papa aliipokea kwa mikono miwili. Nilichuchumaa mbele ya kiti chake, maana nilitaka anisikie vizuri.

"Usijiulize kama umemeza ama hujameza, Papa. Simu ndiyo inajua. Ikilia, meza. Isipolia, usimeze."

"Kama kengele," alisema.

"Kama kengele."

Mayi alikuwa amesimama mlangoni na mkebe wake. "Na hii sasa?" aliuliza.

"Pumzika, Mayi. Hiyo kazi imeisha."

Alinitazama kidogo, akarudi jikoni. Mchana ule tulikula yale maharagwe na mahindi, na sikuona ajabu yoyote.

Siku sitini na saba simu ililia na Papa akajibu. Khisa, kaka yangu anayeishi ng'ambo ya mto, aliniambia kwamba saa moja kasoro mzee huwa ameshaketi, amenyoa ndevu, simu iko mezani, Mayi kando yake na gilasi ya maji. Waligeuza kumeza kidonge kuwa kama ibada. Nilisimulia hayo kwenye saiba kwa kila aliyekubali kusikiliza.

Kwetu Bokoli hapakuwa na stima. Simu ilipelekwa sokoni kuchajiwa kila Alhamisi mchana na kurudi jioni, na kwa muda huo wote ilikwenda nzima. Kisha mwezi wa tano simu ya Wakoli, jirani yetu, ikabadilishwa pale kwenye duka la kuchaji, akarudishiwa nyingine yenye kioo kilichopasuka. Papa akaamua. Simu hii, alisema, mtoto wangu ameweka kichwa chake ndani, haitoki kwa hii nyumba tena. Mwenye duka alikuwa pia na ile chaja inayobana betri tu, bila simu. Kwa hiyo Alhamisi ya tarehe kumi Mei, baada ya dawa, Papa alifungua mgongo wa simu, akatoa betri, Mayi akaifunga kwenye pindo la leso akaenda nayo sokoni.

Simu ile, ukiitoa betri, ilisahau mwaka. Ilirudi ilikozaliwa, Januari mosi 2005. Betri iliporudishwa iliuliza saa, na Papa, mtu wa kengele, aliiweka sawasawa kwa kufuata taarifa ya habari ya redio. Ilipouliza tarehe alibonyeza tu ipite. Tarehe si iko kwenye kalenda. Asubuhi iliyofuata aliketi, Mayi akaleta maji, saa moja ikafika, ikapita. Simu ilikuwa inangoja Mei 11, 2007, na kwa hesabu yake bado kulikuwa na miaka miwili na zaidi.

Walikaa hivyo, nilikuja kuambiwa, mpaka saa mbili. Mayi aliuliza kama ampe tu kidonge. Papa akakataa. Alimkumbusha maneno yangu, yale yale, na kwa mtu aliyesahau chai aliyokunywa, maneno yale hakuyasahau. Alhamisi mbili zilizofuata betri ilikwenda tena na kurudi, na kila mara simu ikaanza upya. Siku kumi na tisa. Walidhani daktari amezungumza na mimi, na mimi nimeiambia simu impumzishe, mpaka kiharusi kikubwa kilipomwangusha.

Haya niliyajua pale wodini kwa kutazama tarehe tu. Nilifungua kumbukumbu za programu: *Ndio 67. Bado 0.* Sina wa kusingizia. Nililelewa kwenye nyumba ile. Nikiwa mdogo mimi ndiye niliyepanda kuanika mawe ya redio, yaani betri zake, juu ya bati yapate nguvu ya kumalizia habari. Ilitosha nisimame kidogo nijiulize Papa atapata moto wapi wa simu yake. Sikujiuliza, kwa sababu Kitale stima ilikuwa ukutani na mimi nilikuwa nimeshakuwa mtu wa Kitale.

Khisa alikuja akasimama upande wa pili wa kitanda. "Kwani simu iliharibika?"

"Simu iko sawa," nilisema.

Na ilikuwa kweli. Nimesema uongo mwingi maishani, lakini hakuna ulioniunguza kama ukweli ule.

Papa alifariki Ijumaa. Mazishini, wakati watu wakizungumza kabla ya mchungaji, Senge Viola, dada yake Papa wa kule Kimilili, alisimama na leso kiunoni. Hakupaza sauti. "Ndugu yangu alikuwa na bibi kwa nyumba," alisema, "na dawa iko kwa meza. Siku kumi na tisa. Mimi nauliza tu, huyo bibi alikuwa anaangalia nini."

Watu waliguna. Mayi alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na jeneza. Aliinua macho akanitazama mara moja, nami nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na matope, na mpaka leo naweza kukuelezea matope yale yalivyokaa.

Baada ya hapo Senge hakukanyaga kwetu tena. Kanisani Mayi alikuwa kwenye kikundi cha akina mama wa kutembelea wagonjwa. Waliendelea kumsalimia vizuri, lakini zamu yake haikusomwa tena. Hakuna aliyemweleza sababu. Alinisimulia mara moja kwenye simu, kama mtu anayetaja mvua, na nilimwambia watu ndivyo walivyo.

Simu ya Papa nilirudi nayo Kitale. Niliichomeka kwenye umeme chumbani kwangu, sikuitoa betri, sikuigusa tarehe. Siku moja Naim alipita kuniletea funguo, akaiona.

"Tarehe yako imekosea, bana. Si nikurekebishie?"

"Usiiguse."

Alinitazama, akaiweka chini polepole. Sikumweleza. Nilikuwa nimepiga hesabu nikiwa bado na nguo za matanga: simu ile ingefikia Mei 11, 2007 yake siku ambayo kwetu sisi wengine itakuwa Septemba 30, 2009. Nilijiambia siku hiyo nitamwambia Mayi kila kitu. Leo naona ulikuwa woga uliovaa nguo za ahadi. Nilijipa zaidi ya miaka miwili ya kunyamaza, mama yangu akiilipia kila Jumapili kanisani.

Septemba ilipofika nilimwita Mayi aje Kitale apimwe macho. Alifika Jumatatu. Jumatano asubuhi nilipika chai, nikaweka simu mezani kati ya vikombe, na saa moja kasoro robo nilifungua mdomo nikamuuliza kama alilala vizuri. Alilala vizuri. Nikamuuliza habari za ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mzima.

Saa moja kamili simu ikalia.

Mayi aliweka kikombe chini, akainuka. Alikwenda kwenye mtungi, akajaza gilasi ya maji, akageuka nayo, hatua mbili, na hapo ndipo alipokumbuka. Alisimama katikati ya chumba na ile gilasi. Sijawahi kuona kitu kilichoniumiza zaidi, hata jeneza.

Alikuja akaketi. "Inasema nini?"

"Inauliza kama amemeza."

Nikamwambia. Mwaka uliosahaulika, kengele iliyokuwa inangoja, yale niliyoyaona wodini, jibu nililompa Khisa. Nilisema kwa haraka na bila mpango, nikirudia mambo. Simu ilinyamaza yenyewe baada ya dakika moja, lakini maneno yalibaki kwenye kioo.

"Betri ni mimi nilikuwa napeleka," alisema Mayi mwishoni. "Kwa leso."

"Si wewe, Mayi. Ni mimi."

"Ulijua tangu hospitali."

"Tangu hospitali."

"Na siku ya Senge yako ulijua."

"Nilijua."

Aliisogeza gilasi ya maji mbali na ukingo wa meza, ingawa haikuwa karibu na ukingo. Nilingoja anilaani, au alie, au aniguse. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

"Jumamosi tunaenda Kimilili," alisema. "Utabeba hiyo simu. Utamwambia Senge yako vile umeniambia, na mimi nikiwa hapo nimekaa."

"Ndio, Mayi."

"Na Jumapili, kanisa."

"Ndio."

Kisha akaonyesha simu kwa kidevu. "Sasa ijibu. Usiiache inauliza mtu."

"Niseme nini?"

Mayi ni mwanamke asiyependa kusema jambo lisilo la kweli, na nadhani hapo ndipo tunapotofautiana mimi na yeye.

"Hakumeza," alisema.

Nikabonyeza Bado. Tulikaa bila kugusa chai. Baada ya dakika kumi ikalia tena, na Mayi hakukubali niizime.